Kusomesha Nyumbani: Nani Mwingine Amemwona Mtoto?

Mwaka 2021 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitupilia mbali ombi la wazazi waliotaka itamkwe kwamba Katiba ya Kenya inawaruhusu kuwasomesha watoto wao nyumbani. Chanzo chake ni baba mmoja wa magharibi mwa nchi aliyetiwa nguvuni mwaka 2019 kwa sababu watoto wake hawakuwa wakienda shule. Sheria iliyomshika ni ile ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ambayo inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule bila kukosa. Akikaidi bila sababu ya maana baada ya kuandikiwa notisi, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 30,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Hukumu ikasomwa, magazeti yakaandika, watu wakaendelea na shughuli zao. Familia zinazosomesha nyumbani hazikwisha kwa hukumu hiyo. Zilichofanya ni kupunguza sauti: hazimwambii jirani, hazimwambii chifu, na mtoto akiulizwa anasoma wapi amefundishwa jibu la kutoa. Huko kupunguza sauti ndiko kunakonikera kuliko kitu kingine chochote katika suala hili.

Watu wakilijadili huja na orodha mbili, ya faida na ya hasara, halafu kila mmoja akajumlisha apendavyo. Mimi naona orodha hizo mbili zina chimbuko moja. Nyumbani, mtoto yuko mikononi mwa mtu mmoja au wawili, asubuhi hadi jioni, mwaka baada ya mwaka, na hapana wa tatu. Mtu huyo akiwa na subira, ujuzi na nafasi, mtoto anapata kitu ambacho hakuna darasa linaloweza kumpa. Akikosa kimojawapo, hakuna wa kuziba pengo, na mara nyingi hakuna hata wa kujua kwamba pengo lipo. Kubishana kama nyumbani kunaishinda shule, kwa hiyo, ni kupoteza wakati. Kuna nyumba zinazozishinda shule nyingi na kuna nyumba ambazo mtoto angekuwa salama zaidi popote pengine. La kuuliza ni nani mwingine anamwona mtoto huyo, na anamwona mara ngapi. Nitajaribu kuonyesha kwamba sheria ya Kenya, kwa kukataza kabisa, imelijibu swali hilo vibaya kuliko Afrika Kusini.

Kuna kumbukumbu moja inayotuvuruga kila tunapolizungumza jambo hili. Shule za Kenya zilifungwa katikati ya Machi 2020. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi tarehe 12 Oktoba, wengine wote wakangoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Tanzania ilifungua shule zake zote mapema, tarehe 29 Juni 2020. Uganda ndiyo iliyokaa muda mrefu kuliko nchi zote duniani: watoto wapatao milioni 15 walitoka madarasani mwezi Machi 2020, na pamoja na vipindi vya kufungua nusunusu katikati, milango haikufunguliwa kwa wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Mtajie mzazi wa Kampala au Nairobi habari ya kusomesha nyumbani, na fikra zake zitakimbilia miezi ile: kipindi cha redio kinachorushwa wakati redio yenyewe iko shambani na baba, zoezi la hesabu linaloingia kwa WhatsApp kwenye simu moja inayogombewa na watoto wanne, bando linalokwisha kabla picha haijafunguka. Kuita hali ile kusomesha nyumbani si haki. Ilikuwa shule iliyofungwa, na mzigo wake kutupiwa wazazi ambao hawakuuomba, wengi wao wakiwa wamepoteza na kipato.

Hata hivyo miezi ile ilitufunza mambo mawili ambayo tumeharakisha kuyasahau. La kwanza, wazazi wengi waliketi na vitabu vya watoto wao kwa mara ya kwanza, na walichokiona kiliwashtua: mtoto wa darasa la tano mwenye ripoti nzuri anayekwama kila baada ya maneno matatu akisoma aya kwa sauti. Alikuwa akipandishwa darasa kila mwaka, na shule haikuwa imesema neno. La pili linakwenda kinyume na la kwanza. Shule zilipofunguliwa, walimu wa pande zote tatu za mpaka walikuta madawati matupu: wasichana waliopata mimba au kuozwa, wavulana waliozoea pesa ya bodaboda na machimbo. Shule, pamoja na kasoro zake zote, ilikuwa mahali ambapo mtu asiye wa ukoo wenu aliita jina la mtoto kila asubuhi na kuweka alama kwenye rejista. Jina lilipoitwa lisiitikiwe, kuna mtu aliuliza. Kwa miezi mingi hapakuwa na wa kuuliza.

Nianze na ubora wa nyumbani, kwa kuwa wapinzani wake huupita haraka mno. Chukua hesabu ya kutoa: 402 toa 178. Mtoto wa miaka minane anaandika 376. Mwalimu mwenye wanafunzi 70 na rundo la madaftari anaona jibu si 224, anaweka mkasi, anageukia daftari linalofuata; hana namna nyingine, kipindi ni dakika 35. Mtu aliyeketi kando ya mtoto anaweza kumuuliza, “Hiyo sita umeipataje?” Naye atajibu bila wasiwasi kwamba nane toa mbili ni sita. Hapo tatizo lote limejianika: mtoto hajakosea hesabu moja, amejitungia kanuni kwamba siku zote dogo hutolewa kwenye kubwa, lolote likaalo juu. Ataitumia kanuni hiyo kwenye kila swali la kukopa mpaka mtu aikute na kuing’oa. Dakika tano za kuulizana zinatosha kuing’oa, na dakika tano hizo ndizo ambazo darasa la watu 70 haliwezi kumpa kila mmoja, hata mwalimu awe malaika. Mwaka 1984 Benjamin Bloom, msomi wa elimu wa Chicago, aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake na mwalimu wake aliwapita takriban asilimia 98 ya wenzake waliofundishwa kwa kawaida darasani. Watafiti waliomfuata walipata tofauti ndogo zaidi ya hiyo, na nadhani wao ndio wa kuaminiwa, lakini mwelekeo haukubadilika: mkubwa mmoja akimsikiliza mtoto mmoja, mtoto anajifunza.

Na darasa linalolinganishwa na nyumba ni darasa gani? Kenya ilipofuta karo ya shule za msingi Januari 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliingia kwa mpigo. Uganda ilikuwa imepitia hayo mwaka 1997 na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ulikuwa uamuzi wa haki na sioni aibu kuusifu. Ila walimu hawakuongezeka kwa kasi ile. Kuanzia miaka ya 2009 na 2010 tathmini ya Uwezo ilipima watoto wa nchi zetu tatu kwa jaribio la kiwango cha darasa la pili, na katika miaka yake ya mwanzo zaidi ya nusu ya watoto wa darasa la tatu walishindwa. Mzazi anayemtoa mtoto shuleni baada ya kusoma matokeo kama hayo hatafuti anasa wala hajapotewa na akili. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaowachora wote wanaosomesha nyumbani kuwa washupavu wa dini. Wapo, hilo halina ubishi. Vijitabu vya Kikristo vilivyoanzia Texas vina wafuasi wengi Nairobi. Lakini hata Marekani kwenyewe sura ya jambo hili imebadilika. Takwimu za Idara ya Sensa zilionyesha kwamba kati ya majira ya kuchipua na ya kupukutika kwa majani mwaka 2020, kaya zilizosema zinasomesha nyumbani zilipanda kutoka asilimia 5.4 hadi 11.1. Kwa kaya za Wamarekani Weusi kupanda kulikuwa kukubwa zaidi, kutoka asilimia 3.3 hadi 16.1, na wengi wao wanaeleza kwamba wanakimbia shule ambazo mtoto wao huonekana mkorofi kabla hajafungua kinywa.

Watetezi wa nyumbani hupenda kutaja utafiti, nao wanapaswa kusomewa utafiti wenyewe. Unaotajwa mara nyingi ni wa Lawrence Rudner, aliyechambua alama za mwaka 1998 za wanafunzi 20,760 wanaosomea nyumbani Marekani na kukuta wakiwaacha mbali wenzao wa shule. Hao wote, hata hivyo, walitoka katika familia zilizojitokeza zenyewe kufanya mtihani kupitia chuo kikuu kimoja cha Kikristo. Kwa sehemu kubwa zilikuwa familia za Wazungu, zenye baba na mama, kipato kizuri, na mama asiyefanya kazi nje. Rudner mwenyewe alionya kwamba takwimu zake hazithibitishi kuwa nyumbani ni bora kuliko shule. Onyo hilo halinukuliwi kwenye mikutano. Mimi navutiwa zaidi na utafiti mdogo uliochapishwa Kanada mwaka 2011 na Sandra Martin-Chang na wenzake. Walilinganisha watoto 37 wa nyumbani na 37 wa shule za umma, wakawapima watafiti wenyewe. Watoto 25 waliosomeshwa kwa mpango, wenye ratiba na vitabu, waliwapita wa shule. Waliobaki 12, ambao wazazi wao waliamini mtoto aachwe ajifunze apendavyo, walibaki nyuma ya wote. Idadi ni ndogo na si ya kujengea sera ya taifa. Hata hivyo inaonyesha kwamba kuta za nyumba hazifundishi; anayefundisha ni mtu, na watu hutofautiana. Na ili kuwajua wale 12 ni wepi, ilibidi mtu wa nje aende akapime.

Tofauti hizo hupanuka jinsi mtoto anavyokua. Mzazi aliyemaliza kidato cha nne anaweza kumfikisha mtoto salama hadi Gredi ya 6, hata zaidi. Baadaye mlima unasimama wima. Kemia ya sekondari ina jaribio la asidi na besi: mtahiniwa anajaza bureti, anavuta sentimita za ujazo 25 kwa pipeti, anadondosha tone baada ya tone mpaka rangi ibadilike, anasoma kipimo hadi nukta ya desimali, anarudia mara tatu. Hakuna video ya intaneti inayomfundisha mtoto kuzuia mkono kabla ya tone la mwisho. Familia zenye uwezo hulitatua hilo kwa pesa: hulipia maabara, huajiri mwalimu wa fizikia wa Jumamosi, humsajili mtoto mitihani ya Cambridge. Zisizo na uwezo hubaki na alichonacho mzazi. Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye bajeti yoyote, nayo ni mama. Katika nyumba nyingi anayeacha kazi ili afundishe ni yeye, na mshahara wake, pensheni yake na miaka yake ya kupandishwa cheo huenda pamoja. Nikisikia baba akieleza jukwaani jinsi “tulivyoamua kama familia,” hutamani kusikia upande wa pili wa meza.

Hayo yote ni ya masomo, na masomo yanafidika. Mtu aliyekosa sehemu za hesabu akiwa na miaka kumi anaweza kuzishika akiwa na ishirini. Nchini Tanzania kuna Mtihani wa Maarifa na watahiniwa wa kujitegemea, na Wakenya hawajamsahau Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Lisilofidika ni lile la kutoonekana. Januari 2018, katika mji wa Perris, California, binti wa miaka 17 alitoka kwa dirisha usiku na kuwapigia polisi simu. Walipofika waliwakuta ndugu zake kumi na wawili, wakubwa kwa wadogo, wamekondeshwa kwa njaa, baadhi wamefungwa kwa minyororo. Katika karatasi za jimbo, nyumba ile ilikuwa shule binafsi na baba mwenye nyumba alikuwa mwalimu mkuu. Sheria ya California ilimtaka ajaze fomu mara moja kwa mwaka, naye alijaza. Sisemi wazazi wanaosomesha nyumbani ni watesi. Walio wengi mno ni watu wanaojinyima kwa ajili ya watoto wao. Ninachosema ni kwamba mtesi na mzazi mwema, wakiwa nyuma ya mlango uliofungwa, wanafanana kabisa kwa mtu aliye nje, na mfumo unaotegemea fomu hauna njia ya kuwatenganisha.

Hapa hujibiwa kwamba Waafrika tulisomesha nyumbani karne na karne kabla ya mmishonari na mkoloni kuleta kengele. Jibu hili lina mvuto, ila halisimami likichunguzwa. Pwani, mtoto alipelekwa chuoni kusoma Kurani, na chuo mara nyingi kilikuwa baraza au ukumbi wa nyumba; lakini nyumba ilikuwa ya mwalimu, si ya babake mtoto. Mvulana wa jandoni alikabidhiwa kwa ngariba na walezi wa jando. Msichana wa unyagoni alikuwa na somo wake au kungwi, na mila za jamii nyingi zilikataa kabisa mama mzazi ashike nafasi hiyo. Fundi wa jahazi au seremala angeweza kumfundisha mwanawe, ndiyo, lakini karakana ilikuwa wazi na wapita njia walikuwa na midomo. Wazee wetu walikuwa na hekima ya kumpa kila mtoto mkubwa wa pili, mwenye mamlaka, asiye chini ya mzazi. Anayetaka kuitumia jadi kutetea nyumba iliyojifungia ameichagua jadi isiyokuwapo.

Pingamizi linalosikika zaidi kuliko yote, kwamba mtoto wa nyumbani hatajua kuishi na watu, ndilo dhaifu kuliko yote kwa namna linavyosemwa kawaida. Mtoto ana binamu, ana kanisa au madrasa, ana timu ya mpira mtaani. Kukaa na watoto arobaini waliozaliwa mwaka mmoja nawe, mkikatazwa kuzungumza, si maisha ya kijamii ya kuigwa. Lakini pingamizi hilo lina sura nyingine iliyo nzito. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ilipowakatalia wazazi wa Ujerumani mwaka 2006, ilikubali hoja ya nchi yao kwamba umma una maslahi katika kuzuia jamii zinazoishi sambamba bila kukutana, na kwamba watoto wa imani tofauti wajifunze kuishi pamoja wakiwa wadogo. Sisi tunaijua hoja hiyo kwa njia yetu. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilimpeleka kijana wa Bukoba kusoma sekondari Mtwara kwa makusudi, na shule za kitaifa za Kenya huchukua wanafunzi wa kaunti zote. Binamu, kanisa na timu ya mtaa wote wanatoka katika kabila lako, dini yako na kipato chako. Kenya, iliyopitia machafuko ya kikabila baada ya uchaguzi wa 2007, haina sababu ya kulichezea jambo hili. Mzazi anayesomesha nyumbani ana deni hapa, na sijaona wengi wanaolilipa. Ila lazima tukiri pia kwamba shule ya binafsi ya karo ya laki kadhaa kwa muhula nayo ni jamii sambamba, yenye basi la njano na geti la umeme, na hakuna aliyewahi kuipeleka mahakamani.

Watetezi wa nyumbani hunirudishia swali langu: je, shuleni mtoto anaonekana? Wana haki ya kuuliza. Machi 2001 moto uliua wavulana 67 katika bweni la Kyanguli, Machakos. Septemba 2024, baada ya tume, miongozo na ahadi za zaidi ya miaka ishirini, wengine 21 walikufa bwenini Endarasha, Nyeri. Viboko vimepigwa marufuku kwenye vitabu vya sheria, vikabaki kwenye kabati la mwalimu wa zamu. Na jamii inayomshangaa mzazi anayebaki na mwanawe nyumbani ndiyo hiyo hiyo inayompeleka mtoto wa miaka tisa bwenini kwa miezi mitatu mfululizo bila kushangaa. Nakubali yote. Lakini tunajua idadi ya waliokufa Kyanguli na Endarasha kwa sababu majina yao yalikuwa kwenye rejista, na wazazi walikuwa na mtu wa kumkamata shati na kumdai maelezo. Ubovu wa shule unapaswa kutusukuma tuzidi kuzimulika. Kwenda mahali pasipo na mwanga wowote si dawa yake.

Kuhusu haki, pande zote mbili zina karatasi. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linawapa wazazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto nao unaheshimu uchaguzi wa wazazi, ila unazungumzia kuchagua shule zisizo za serikali, zenye kufikia viwango vya chini vilivyowekwa. Katiba ya Kenya, ibara ya 53, inampa mtoto mwenyewe haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Mwenye haki hapo ni mtoto. Mzazi na serikali ni wadhamini wawili wa haki moja, na mdhamini asiyetaka kukaguliwa huzua shaka mwenyewe. Kwa upande mwingine, sheria ile ile ya 2013 iliyomshitaki baba wa magharibi iliunda Baraza la Taifa la Elimu ya Wahamaji, ikikiri kwamba mtoto wa Turkana au Mandera anaweza kupata elimu pasipo jengo wala kengele. Kama mwalimu anaweza kumfuata mtoto malishoni, kisheria sioni kinachomzuia mkaguzi kumfuata mtoto sebuleni Ruaka, pembeni mwa Nairobi.

Afrika Kusini imelitazama hivyo. Sheria yao ya Shule ya mwaka 1996 inamruhusu mzazi kusomesha nyumbani akijiandikisha kwa mkuu wa elimu wa jimbo. Marekebisho yaliyotiwa saini Septemba 2024 yamekaza kamba: mtoto lazima apimwe na mtathmini mwenye sifa mwisho wa kila awamu ya masomo. Wazazi wengi kule wamelalamika, na baadhi ya malalamiko ni ya haki, maana gharama ya mtathmini inamwangukia mzazi. Ufaransa nayo, tangu Septemba 2022, imeacha kupokea taarifa tu na kuanza kudai kibali. Ujerumani imeshika njia ya Kenya, tena kwa nguvu zaidi: mwaka 2013 maafisa waliwachukua watoto wanne wa familia moja ya Hessen kwa muda wa wiki tatu, na mwaka 2019 ile Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema nchi haikukosea. Ujerumani, lakini, ina ofisi ya vijana katika kila wilaya na rejista ya wakazi inayojua kila mtu analala wapi. Kenya imechukua marufuku ile bila vyombo vyake. Matokeo ni kwamba mwenye wakili na mtoto wa Cambridge hasumbuliwi, fukara wa kijijini anakamatwa, na wale ambao tungependa kweli kuwajua, watoto wanaofungiwa, wamezama zaidi.

Mtu ataniambia serikali isiyoweza kukagua shule zake haitaweza kukagua nyumba. Idadi ya nyumba hizi, hata hivyo, ni ndogo ukilinganisha na shule, na kazi yenyewe tumeshaifanya. Serikali ilipotaka kila mtahiniwa wa darasa la nane afike kidato cha kwanza, machifu na wasaidizi wao walitumwa nyumba kwa nyumba, wakawapata watoto ambao hawakuwa wameripoti. Uwezo nao hupima watoto majumbani kwa makusudi, kwa sababu ukienda shuleni peke yake utawakosa wasiofika, na wanaopima ni vijana wa kujitolea wa eneo hilo waliofunzwa kwa muda mfupi. Afisa wa elimu wa kaunti ndogo akipewa orodha ya nyumba thelathini, aende kila moja mara moja kwa muhula, akae na mtoto peke yake nusu saa, amsomeshe aya moja, ampe hesabu kama ile ya 402, amtazame. Kazi hiyo haihitaji wizara mpya. Kinachohitajika ni nyumba thelathini hizo zijitokeze, na hazitajitokeza maadamu kujitokeza ni kujishitaki.

Kilichobaki kigumu zaidi ni mtihani. Enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, kilichomhusu mtoto kilikuwa siku chache za Oktoba au Novemba. Familia ikipata kituo kilichokubali kumsajili, mambo yaliishia hapo. Mtaala wa umilisi umeyabadili hayo kwa nia njema. Alama za kuingia sekondari ya juu sasa zinakusanywa kwa miaka: asilimia 20 ni tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 ni kazi zinazopimwa na walimu shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8, na 60 ni mtihani wa Gredi ya 9. Mtoto wa nyumbani hana mwalimu wa kumpakia zile 20 za katikati kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, kwa hiyo anaanza mbio akiwa nyuma hata kama ana akili za kutisha, au mzazi anatafuta shule itakayoandika alama za mtoto isiyemfahamu. Baraza lingeweza kumruhusu mkaguzi yule wa kila muhula aziandike yeye, kwa kazi alizozishuhudia mwenyewe. Na mtoto ambaye mihula mitatu mfululizo hasongi mbele arudishwe shuleni, mzazi apende asipende, bila polisi na bila faini, kwa barua ya kawaida yenye jina la shule, jina la mwalimu wa kumpokea na tarehe ya kuripoti.